Wimbo Usiojibiwa

Mara ya kwanza kumwona kwa karibu, alikuwa amemkalia mtu kifuani katikati ya harusi, anampiga kwa kaban. Kaban ni udi wetu, ala ya nyuzi, na ule wake ulikuwa mzuri, wa mbao nyekundu. Aliyekuwa chini ni rafiki wa bwana harusi, kijana mnene wa suti, na kosa lake lilikuwa kusimama mbele ya wageni na kuomba wimbo fulani. Kwa pigo la tatu kaban ilivunjika shingo. Aliendelea kwa ngumi mpaka wanaume wanne wakamwinua. Akajifuta damu kwenye kikoi, akaketi, akaimba harusi nzima kwa mdomo mtupu, bila ala, na sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Nilimchukia zaidi kwa sababu hiyo.

Jina lake silitaji. Mjini Garissa hata watoto walimwita Abwan, neno tunalompa mtunzi aliyekomaa, asiye na wa kumsahihisha. Kwa zaidi ya miaka ishirini tulitenganishwa naye na ua wa mathenge, ile miti ya miiba iliyovamia kila kiwanja cha mji huu. Upande mmoja aliishi yeye na redio zake. Upande wa pili tuliishi mimi, ambaye ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, pamoja na mama yangu anayeuza maziwa ya ngamia sokoni, na mdogo wangu anayeendesha bodaboda. Lakini kilichotutenganisha hasa hakikuwa miti. Kilikuwa wimbo uleule alioombwa yule kijana.

Niueleze mapema, maana bila huo mtu huyu haeleweki. Watu wao na watu wetu ni Wasomali wote, Waislamu wote, wafugaji wote. Tofauti ni ukoo tu, na hiyo "tu" imezika wengi. Mwaka mmoja wa ukame, nikiwa bado naota meno ya mbele, tuligombania kisima kilichoko upande wa Modogashe. Abwan, kijana wakati huo, aliwatungia vijana wao wimbo wa kuwachemsha damu. Walikuja na bunduki asubuhi ngamia wetu wakinywa. Waliuawa watu sita wa kwetu, na mmoja wao alikuwa abti yangu, yaani kaka yake mama, ambaye naye alikuwa mtunzi. Waliosalia walitawanyika. Maiti zilizikwa na walewale waliowaua, na kisima chenyewe kikafukiwa kwa mawe, wakasema kimekauka. Kaburi la abti hatukuonyeshwa.

Baada ya vita Abwan aliuongezea wimbo wake beti za ushindi, ukaingia kwenye kaseti:

Waulizeni waliotupa kamba,
ndoo zao mbona zinaning'inia?
Twaliwaona migongo tu,
vumbi lao ndilo tulilozika.

Kwa Kiswahili unakosa meno. Kwa Kisomali kila mstari unagonga sauti moja, na mtu akiusikia mara moja hausahau mpaka kaburini.

Sasa, kwetu wimbo wa namna hii hujibiwa. Mtunzi wa upande wa pili huchukua sauti ileile na mwendo uleule, akarudisha kofi. Usipojibiwa, umekubali. Na wa kujibu alikuwa amekufa. Basi miaka yote hiyo abti yangu amekuwa mtu aliyetupa kamba akakimbia, na mama yangu akawa dada wa mwoga. Mdogo wangu alizaliwa miezi michache baada ya vita, akapewa jina la abti, akalibeba shuleni, msikitini na barabarani huku watu wakicheka kwa pua. Hilo ndilo lililokuwa kati yetu na jirani yetu.

Mama hakumsalimia hata siku moja. Asubuhi akipita langoni kwake na mitungi ya maziwa, aligeuza uso upande wa barabara, na Abwan, ambaye hakumwogopa kiumbe yeyote, aliingia ndani na kufunga mlango mpaka apite.

Alikuwa mtu wa mkono mwepesi. Nilimwona akimchapa bakora mwenye mkokoteni kwa kumpiga punda, akichapa mara moja kwa kila pigo alilopata punda, akihesabu kwa sauti. Nilimwona akimwaga chai ya moto kwenye miguu ya mgombea mmoja wa siasa aliyekuja na magari matatu kutaka wimbo wa kampeni. Alikuwa na kovu la risasi pajani na alilikuna akifikiri. Lakini kuchinja hakuweza. Sikukuu ya kuchinja ilipofika alimwita jirani mwingine amchinjie mbuzi, naye akasimama nyuma ya nyumba, vidole masikioni. Watu walisema ni madaha ya wasanii. Mimi nilisema ni unafiki, tena nilisema kwa sauti ili asikie.

Na kulikuwa na jambo la maji. Mtaani tulichimbiwa kisima cha pampu, maji matamu, bomba hatua kumi kutoka langoni kwake. Hakuyagusa. Kila asubuhi mkokoteni ulimletea mitungi ya maji ya mto Tana, yenye tope la rangi ya chai, akayaacha yatulie akanywa hayo. Alipoalikwa nyumba ya watu aliuliza maji yametoka wapi kabla hajanawa. Niliona ni kiburi tu cha mtu aliyezoea kusifiwa.

Sifa alizipata, siwezi kumnyima. Kutoka Hulugho mpaka Ijara, mwimbaji wa harusi akiziba sikio moja na kuukata mstari ghafla, kama mtu aliyekumbuka kitu, ujue anamwiga Abwan. Kaseti zake zilisafiri kwenye malori ya mifugo. Nyimbo zake za mapenzi zimeozesha mabinti wengi kuliko mashehe. Alitunga wimbo wa kubembeleza mtoto ambao hata mama yangu alimwimbia mdogo wangu, bila kujua ni wa nani, na siku alipoambiwa aliukatiza katikati na hakuurudia tena. Nilikuwepo. Mtoto alilia mpaka akalala mwenyewe.

Siku moja mwalimu mkuu alimwalika shuleni aje azungumze na wanafunzi kuhusu ushairi. Nilitaka kukataa, lakini darasa lilikuwa langu. Msichana mmoja akasimama akakariri shairi vizuri sana.

"Nani ametunga?" Abwan akauliza.

"Sijui, adeer." Adeer ni ami, ndivyo tunavyomwita kila mzee wa kiume.

Bakora ilishuka ikapasua ubao wa meza. Darasa zima likaruka.

"Nyimbo bila mwenyewe ni mtoto ya kuokota! Kama hujui nani amesema, funga mdomo. Haba kwetu mtu anakufa kwa neno. Lazima tujue neno ni ya nani."

Nilimfuata mpaka nje ya lango, nimeghadhibika. Nikamwambia kwa Kisomali kwamba neno lililomuua abti yangu tunajua ni la nani. Akasimama. Akanijibu kwa Kiswahili.

"Mwalimu, mimi na wewe tuongee Kiswahili. Kisomali yangu ni silaha, imeshaua. Hii ingine ni ya soko, ni ya kununua sukari. Haiwezi kuua mtu."

Tangu siku hiyo aliniongelesha Kiswahili tu, kile chake cha "bole bole" na "fita", p ikiwa b na v ikiwa f, juu ya ua wa mathenge, kwa sentensi mbili tatu. Sikumsamehe, lakini nilimjibu. Mwalimu hujibu. Mara moja nilimuuliza kwa nini huwapiga wanaouomba ule wimbo, ilhali ni yeye aliyeutunga akala heshima yake.

"Ngamia ikibotea, unafuata nyayo," alisema. "Nyimbo ikitoka haina nyayo. Utaifuata wabi?"

"Basi utungie jibu," nikamwambia kwa kejeli. "Si wewe ndiye Abwan?"

Hakucheka. Alikuna lile kovu la paja, akaingia ndani. Kuanzia wiki ile nilianza kumsikia mchana akitembea ndani ya nyumba yake huku akinong'ona mstari, akisimama, akijitukana, akianza upya. Hilo liliendelea kwa miaka. Nilidhani ni kazi za harusi.

Mwaka huu malisho yaliisha mapema na watu wakaanza tena kuuana upande wa Modogashe. Mchunga ngamia mmoja wa kwao alikutwa amekufa, kisha wawili wa kwetu, kisha lori likachomwa. Na wimbo ule, uliokuwa umelala kwenye kaseti, ukaamkia kwenye simu. Vijana wao waliubandika kwenye video za bunduki na vumbi. Sauti ya Abwan ya ujana, safi kabisa, ikawa inatoka kwenye kila kibanda cha miraa. Yeye alitoka mitaani na bakora akavunja simu, nne kwa siku moja, na vijana wa ukoo wake mwenyewe wakamkimbia wakicheka na kumpiga picha.

Mdogo wangu ndiye aliyeungua. Kila alipofika kituo cha bodaboda, kuna aliyeufungulia. Hawakumtukana. Waliufungulia tu wakamtazama. Alhamisi moja alirudi nyumbani kwa miguu. Pikipiki alikuwa ameiuza. Ijumaa baada ya swala alitoka chumbani na begi refu, zito, na mimi nikalishika mkanda.

"Abaayo, niachilie," akasema. Huniita hivyo, dada. "Nimechoka kuwekewa hiyo ngoma kila siku stage. Kuna lori ya Modogashe inanipitia saa hii."

"Utakufa."

"Poa. Lakini wataniona uso, si mgongo."

Mama alikuwa uani akifukiza mitungi ya maziwa kwa vijinga vya moto, kama afanyavyo kila alasiri ili maziwa yasichache. Aliinua kichwa akamtazama mwanawe na hakusema asiende. Hilo liliniumiza kuliko begi. Miaka zaidi ya thelathini alikuwa akimngoja mwanamume wa nyumba hii amjibie kaka yake, na mimi binti yake msomi nilikuwa sijaliona mpaka dakika ile. Nilipiga kelele. Nilimtukana mama yangu, Mungu anisamehe. Mtaa mzima ulisikia, na aliyesikia kwanza ni aliyekuwa nyuma ya ua.

Hakupitia langoni. Aliipasua mathenge kwa mwili wake. Tulisikia matawi yakivunjika, kisha akatokea uani kwetu, mzee wa miaka sitini na kitu, kanzu imechanika, damu inamtiririka usoni na mikononi kwa miiba. Bakora hakuwa nayo. Alikaa chini mchangani, si kwenye mkeka, mbele ya mama.

"Mwalimu," akaniambia, "leo Kiswahili haitoshi."

Akaziba sikio moja. Akaimba kwa Kisomali, kwa sauti ileile na mwendo uleule wa wimbo wake, lakini kwa kinywa cha abti yangu, kama kwamba aliyekufa ndiye anayemjibu yeye. Beti zilikuwa nyingi. Zilimwita Abwan mbwa anayebwekea mfupa, zilimwita mwizi wa maji, na sikuwahi kusikia mtu akitukanwa vibaya namna ile, seuze kujitukana. Mwisho wake ninaweza kuuleta kwa Kiswahili:

Wewe uliyeimba kuwa nilikimbia,
nionyeshe nilipitia mlango gani.
Kisima kina mdomo mmoja,
na mdomoni ulisimama wewe.

Nje, barabarani, lori lilipiga honi. Hakuna aliyegeuka.

"Alikuwa ndani?" mama akauliza. Walizungumza Kisomali wote wawili, mimi natafsiri.

Alikuwa ndani. Anayejua visima vyetu virefu anajua kwamba wanaume husimama ndani kwa ngazi, mmoja juu ya mwingine, wakirushiana ndoo mpaka juu, na huimba ili mikono iende pamoja. Abti alikuwa wa chini kabisa, miguu majini. Risasi zilipoanza, wa juu walipanda wakauawa wakitoka. Yeye hakuwa na pa kwenda.

"Aliendelea kuimba," Abwan akasema. "Mwanzo nilidhani hajui. Kisha nikaelewa kwamba anajua. Vijana wangu walisimama ukingoni wanamsikiliza. Walikuwa wameshusha bunduki, mama. Wote. Sauti ilikuwa nzuri."

"Halafu?"

"Ilikuwa nzuri kuliko yangu. Nikawaambia wamnyamazishe. Hatukumtoa. Tulimmwagia mawe pale pale."

Mdogo wangu aliangusha begi, chuma kikalia ndani yake. Kabla sijamfikia alikuwa amemshika mzee shingo kwa mikono miwili. Abwan, aliyepiga watu maisha yake yote, aliacha mikono yake mchangani. Macho yalimtoka. Nilimvuta mdogo wangu nguo ikachanika, na mikono haikuachia, na kwa kweli sehemu yangu moja haikutaka iachie.

"Mwache," mama akasema. "Hajamaliza."

Mdogo wangu akaachia. Mama akainuka na kijinga cha moto mkononi. Alimpiga nacho Abwan shavuni, kwa nguvu, cheche zikaruka mpaka kwenye mitungi. Nilisikia harufu ya ndevu zinaungua. Mzee hakujikinga. Mama akainua mkono mara ya pili, ukabaki juu, ukashuka taratibu. Akaketi mbele yake, magoti kwa magoti.

"Alikuwa amefika wapi?"

Abwan hakuelewa.

"Katika wimbo," mama akasema. "Mlipomnyamazisha. Alikuwa amefika wapi?"

Yule mzee alianza kulia, kile kilio cha kutoa sauti. Ilimchukua muda kupata pumzi. Kisha akasema, hakuimba, akausema tu ule mstari wa kunyweshea ngamia ulivyokatika: "Njoo, mweupe wangu, njoo unywe..."

Honi ililia tena, ndefu.

Nilimwelewa ghafla yeye na uimbaji wake wote, kule kukata mstari ghafla ambako waimbaji kutoka Hulugho mpaka Ijara wanakuiga. Ulikuwa mkato wa abti yangu. Hakuwahi kuwaambia ni wa nani.

Mambo yaliyofuata yanajulikana mjini. Simu ya mdogo wangu ilikuwa mfukoni ikirekodi sauti tangu mzee aanze kuimba, na kufikia Jumamosi jibu lilikuwa limefika kila mahali ule wimbo wa kwanza ulikofika. Jumatatu vijana wa ukoo wa Abwan walimngoja nje ya msikiti wakamvunja taya na meno yote ya mbele kwa kuwaaibisha. Haimbi tena na hataimba. Mama humpelekea maziwa, maana kutafuna hawezi, na humwekea langoni bila salamu. Msamaha hajautaja, nami simuulizi.

Lakini Ijumaa ile, mchangani, mama alifumba macho. Sikujua kama anaujua wimbo wa wanaume wa kisimani. Alikuwa dada mtu, aliusikia kwa kaka yake utoto mzima. Aliuchukua pale ulipoachwa, kwa sauti ya mwanamke mzee iliyokwaruzwa na moshi:

"...kesho tutalala penye mvua."

Akaendelea. Akamwita kila ngamia wa kundi lile kwa jina lake, ngamia waliokufa au kuibwa kabla sijajua kusoma, akawanywesha mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Lori lilipiga honi mara ya tatu, likaondoka. Nilimtafuta mdogo wangu kwa macho. Alikuwa ameketi chini kando ya begi lake, midomo inacheza, anashika maneno.